Joto la Diani na kwapa lililotoka hospitali

Kama hujawahi kuvuka Likoni mwezi wa Februari saa nane za mchana, basi bado hujajua jasho ni kitu gani. Kaskazi inavuma, naam, lakini inakuja na unyevu wa bahari unaoganda mwilini kama shira. Feri imejaa hadi ukingoni. Abiria wa miguu hawalipi, kwa hiyo haachwi mtu ila aliyechelewa mwenyewe. Umebanwa baina ya mikokoteni ya machungwa, vikapu vya samaki, wanafunzi na wachukuzi wa magunia, na kila anayeinua mkono kujipangusa uso anakukumbusha kwamba binadamu ana makwapa mawili.

Kwa wengi wetu hilo ni jambo la kucheka na kupita. Lakini katika umati ule hukosi mwanamke mmoja ambaye kwake si kicheko. Amejitanda leso juu ya buibui, mkono mmoja ameubana ubavuni kana kwamba amebeba yai. Ametoka hospitali, upande wa Mombasa, anarudi kwake Tiwi au Msambweni. Zamani mwanamke wa Kwale akipatikana na saratani ya matiti na akahitaji tiba ya mionzi, aghalabu safari yake ilikuwa ya Nairobi, Hospitali Kuu ya Kenyatta, akakae kwa jamaa wiki baada ya wiki. Siku hizi mashine za mionzi ziko Mombasa na anaweza kulala kitandani pake. Ni neema kubwa, ila neema hiyo ina jasho lake: siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5 na wakati mwingine zaidi, feri na matatu kwenda, matatu na feri kurudi. Na huku pengine ameambiwa na mtu fulani kwamba kwapa lile asilipake kitu chochote maisha yake yote.

Hilo la "maisha yote" ndilo lililonifanya nikuombe tufuatane safari hii ya kusini. Maana utasema marashi ya kwapa ni jambo dogo mbele ya saratani, na mimi nitakuambia si dogo hata kidogo. Mwanamke wa pwani amelelewa kunukia. Akijiona ananuka kikwapa, ataacha arusi, ataacha chama cha kinamama, atakaa nyuma kabisa kwenye hitima. Na mwenye haya nyingi anaweza hata kuanza kuruka siku za matibabu, leo anasingizia nauli, kesho anasingizia mtoto, kumbe ni kwapa tu. Siku ya mionzi iliyorukwa si kitu cha kuchezea.

Haya, tumeshuka ng'ambo. Panda matatu ya Ukunda na uchague kiti cha dirishani, upande ambao kwapa lililotibiwa litakuwa karibu na dirisha badala ya kusuguana na abiria. Usikubali kusimama huku umening'inia kwenye chuma. Bega lililopasuliwa karibuni halipendi mzaha huo. Tunapita Ng'ombeni na Waa, minazi kulia na kushoto, mpaka Kombani ambapo njia ya kulia inapanda kuelekea mji wa Kwale na mbuga ya Shimba Hills, makao ya palahala, mnyama ambaye nchini Kenya huwezi kumwona porini pengine popote.

Tupande kidogo. Mji wa Kwale uko juu ya vilima na upepo wake ni mwingine kabisa. Hapa ndipo mahali pazuri pa kukaa chini ya mwembe na kuelezana kilichotokea kwapani, kwa sababu ukilijua hilo, mengine yote ni mepesi.

Daktari anapoondoa uvimbe wa titi, mara nyingi huchukua pia tezi za kwapani, baadhi au nyingi, ili kutazama kama ugonjwa umefika huko. Hapo kuna mishipa midogo ya fahamu inayopita kwenda upande wa ndani wa mkono, na ikiguswa au ikikatwa, ngozi ya kwapa hufa ganzi. Kwa wengine ganzi hupungua baada ya miezi, kwa wengine hubaki. Tezi zikishaondolewa, maji ya mwili yaliyokuwa yakipitia pale yanapungukiwa njia, na ndiyo maana mkono unaweza kuvimba, tena pengine miaka mingi baadaye. Mionzi nayo huchoma ngozi taratibu kama jua la wiki nyingi: inakuwa nyeusi zaidi, inakauka, inawasha, na mikunjoni inaweza kuchubuka ikatoa majimaji. Isitoshe, mionzi hudhoofisha vifuko vya jasho na mizizi ya nywele. Wengi hugundua kwamba kwapa lililotibiwa halitoi jasho kama zamani, na nywele zake hupungua au hukoma. Anayenuka, kama yupo anayenuka, ni kwapa la pili!

Na hilo la pili, dada yangu, halina ugonjwa wowote. Lipake ulichokuwa ukilipaka siku zote, hata katikati ya wiki za mionzi. Ni ajabu jinsi wanawake wanavyoadhibu makwapa yote mawili kwa kosa la moja.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Wagonjwa wengi hupewa tembe za tamoxifen wazimeze kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Tembe hizo huleta joto la ghafla: umekaa zako unachambua mchicha, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi utosini, umelowa. Usiku unaamka shuka limeganda mgongoni. Hilo nalo ni jasho, tena jipya, na halitokani na uchafu wala uvivu wa kuoga. Mume na watoto walijue hilo. Dawa yake ya kwanza ni nguo: leso ya pamba, gauni la pamba, dera pana lisilobana kwapani. Buibui la nailoni ukiwa nalo, ndani yake vaa pamba.

Tuteremke tena Kombani, tushike njia ya Tiwi. Kaskazini mwa ufuo wa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa Kongo, wa kale sana, umezungukwa na mibuyu mikubwa. Nimekuleta hapa kwa sababu ya jambo ambalo daktari wa kutoka bara huenda asilifikirie kukuuliza. Kwetu kuondoa nywele za kwapa ni sunna na ni usafi, na kila nyumba ina njia yake: wembe, kunyonyoa, au ule mchanganyiko wa sukari na ndimu uliochemshwa ukawa kama gundi. Kwa mtu mwenye tezi zake zote hakuna neno. Lakini kwapa lililokufa ganzi halisikii wembe ukikata. Halisikii sukari ikiwa ya moto mno. Kidonda kidogo usichokijua, kwenye mkono uliopungukiwa na tezi, ni mlango wazi wa vijidudu.

Basi usafi usiachwe, ila njia ibadilishwe. Wakati wa mionzi usinyoe upande huo kabisa. Ngozi ikipona, tumia mashine ya umeme au ya betri badala ya wembe, mbele ya kioo, ili macho yafanye kazi ambayo ngozi imeacha kuifanya. Au punguza kwa mkasi mdogo wenye ncha butu. Sukari ya moto na kunyonyoa viagwe upande huo. Na kama huwezi kuinua mkono vyema, mwite dada yako au binti yako mkubwa akusaidie, si aibu.

Maadamu tumetaja ndimu, hebu niseme yote. Bibi zetu walikata ndimu wakajisugulia kwapani, na kweli ilikata harufu, kwa maana ukali wake huwapunguza vijidudu. Jasho lenyewe halinuki. Kinachonuka ni kazi ya vijidudu hivyo wakilila jasho. Lakini ndimu kwenye ngozi iliyotoka kuchomwa na mionzi ni moto juu ya moto. Hata kwenye ngozi nzima, maji ya ndimu yakipigwa na jua huacha mabaka na malengelenge. Ndimu ibaki kwenye samaki.

Sasa tumefika Ukunda. Hapa kelele ni nyingi: bodaboda, maduka ya dawa, supamaketi, wauza mitumba, na vibanda ambavyo rafu zake zimejaa vichupa vya rangi zote. Mwanamke anasimama mbele ya rafu asijue ashike kipi. Nisikilize. Vitu vyote vile ni vya aina mbili tu. Kuna marashi ya kwapa, ambayo hupunguza vijidudu na kufunika harufu lakini jasho linaendelea kutoka. Na kuna dawa ya kuzuia jasho, ambayo chupani imeandikwa "antiperspirant". Hiyo ina chumvi za alumini zinazoziba vinyweleo vya jasho kwa muda. Vingi vinavyouzwa ni mchanganyiko wa yote mawili.

Hapo hapo utasikia ule uvumi, kwamba alumini inaziba sumu ndani ya titi na ndiyo iliyoleta saratani. Uvumi huo ulienea sana duniani mwishoni mwa miaka ya 1990 na haujafa hadi leo. Mwanzo wake ni dhana kwamba sumu za mwili hutoka kwa jasho la kwapani. Hazitoki huko; kazi hiyo ni ya ini na figo. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi waliowahoji wanawake 813 waliougua saratani ya matiti na 793 ambao hawakuugua, juu ya mambo wanayopaka kwapani, na hawakuona uhusiano wowote. Namwambia haya hasa mama anayelala macho usiku akijilaumu kwa kichupa alichonunua ujanani. Hukujiletea, mama.

Na lile katazo la kutopaka kitu wakati wa mionzi? Lilikuwa na sababu zake. Wataalamu walihofu kwamba chembe za madini kwenye ngozi zingeongeza ukali wa mionzi. Kisha likapimwa. Mjini Quebec, Canada, mwaka 2009, wanawake 84 waligawanywa kwa kura, wengine wapake, wengine wasipake. Calgary wakafanya hivyo mwaka 2012 kwa wagonjwa 198. Waliopaka hawakuungua ngozi zaidi ya wasiopaka. Ndiyo maana hospitali nyingi duniani zimelegeza kamba. Hata hivyo, ziko zinazoshikilia utaratibu wa zamani, na wewe ni mgonjwa wao. Kwa hiyo siku ya kwanza muulize muuguzi wa mionzi waziwazi: "Naweza kupaka kwapani, au la? Na nikikatazwa, mpaka lini?" Hilo la "mpaka lini" usiondoke bila kulijibiwa. Wengi walikatazwa kwa wiki 5 wakaenda nalo miaka 5.

Ukiruhusiwa, chagua hivi. Kwanza, jeraha la upasuaji liwe limefunga kabisa na mpira wa kutolea maji umeondolewa. Pili, chukua kisicho na manukato makali wala spiriti. Harufu nzuri utaipata kwingine, nitakueleza tukifika Gazi. Mimi napenda kile kichupa chenye gololi mdomoni kuliko kile cha kupuliza. Cha kupuliza hutoa baridi kali na ukiwa na ganzi hujui umepuliza wapi na kiasi gani. Tena spiriti yake hukausha ngozi ambayo tayari ni kavu. Cha mche mgumu huvuta kovu. Gololi inateleza, na huhitaji kuinua mkono hadi mbinguni. Osha kwapa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, pangusa kwa kugusagusa na kitambaa bila kusugua, ngoja likauke, ndipo upake kidogo. Ngozi ikichubuka au ikitoa majimaji, acha kila kitu siku hiyohiyo na umwonyeshe muuguzi kesho yake. Poda nayo usiimwage kwenye ngozi yenye unyevu. Inaganda vibonge na kukwaruza.

Kabla hatujaondoka Ukunda, tupite kwa muuza viungo. Kati ya mdalasini na ubani utaona shabu, lile jiwe jeupe kama barafu ambalo vinyozi hulitumia kukaushia damu. Wengi wanaoikimbia alumini huambiwa wanunue shabu kwa sababu ni ya asili. Kumbe shabu yenyewe ni chumvi ya alumini! Sisemi ni mbaya. Imesaidia makwapa ya pwani tangu zama za mababu. Nasema mtu asidanganywe. Na jiwe lenye kona kali lisiburuzwe juu ya ngozi yenye ganzi. Liloweshe, lisugue mkononi, kisha paka yale maji, tena kwenye ngozi iliyopona.

Ukunda na Diani zimeshikana, ukivuka barabara kuu tu umeingia nchi ya hoteli, mbega wakirukaruka juu ya waya za umeme. Huku utakuta dawa za kwapa "za asili" ndani ya vikopo vizuri, zimetengenezwa kwa mafuta ya nazi, nta ya nyuki na ile soda nyeupe ya kulainishia maharagwe. Mafuta ya nazi na nta havina ubaya, ila usiyapake mazito muda mfupi kabla ya kulala mezani pa mionzi. Yenye mashaka ni soda. Ngozi nyingi nzima huwashwa nayo, sembuse iliyochomwa. Kijaribu kidogo kwanza kwenye mkono ule mwingine, upande wa ndani, siku 2. Usipowashwa, shauri lako na mfuko wako, maana bei za Diani unazijua.

Na bahari? Wiki za mionzi, na muda wote ngozi ikiwa imechubuka, chumvi na mchanga vikae mbali. Ngozi ikishapona, nenda. Nenda alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi huungua na jua upesi kuliko nyingine, hata miaka baadaye. Ifunike. Maji ya Diani asubuhi yametulia kama ya mtungini, na kuinua mikono taratibu ndani ya maji ni zoezi zuri kwa bega lililokaza. Ukitoka jisuuze kwa maji baridi, mikunjo yote, ukauke vyema.

Kusini zaidi tunaingia Kinondo, kwenye kaya ya Wadigo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Ndani kuna kivuli kizito na ubaridi, na hapo utaelewa kwa nini wazee walikiheshimu kivuli. Hatukai, tuna mwendo bado.

Gazi. Kinamama wa hapa wana daraja lao la mbao juu ya mikoko, watalii hulipa kulipitia. Lakini mimi nimekuleta kwa ajili ya udi. Pwani hatukutegemea kwapa peke yake kunukia. Nguo ndizo zilizofukizwa. Asumini ilitiwa kwenye nywele. Kikuba kilibanikwa kifuani. Hayo yote yanamfaa mno mwanamke aliyetoka matibabuni, kwa kuwa manukato yanakaa kwenye kitambaa na ngozi inapumzika. Kiti kiwekwe, gauni na leso zitandazwe juu, chetezo chini, moshi upande. Onyo ni moja tu: usisimame juu ya chetezo ukajifukiza mwilini kama bibi arusi. Kaa la moto halimwonei huruma mwenye ganzi, na harufu ya kwanza utakayoisikia itakuwa ya ngozi yako. Kabla ya kufukiza cheza na kipimo pia. Baada ya dawa za saratani wengine hutapishwa na harufu walizozipenda.

Mwisho wa safari ni Msambweni, mji wa wavuvi na wa hospitali ya rufaa ya kaunti. Ukaribu wa hospitali hiyo uweke akilini. Mkono wa upande uliotibiwa ukiwa mwekundu au mweusi kuliko kawaida, ukawa wa moto, ukavimba, ukasikia homa na kutetemeka, usikande kwa maji ya moto wala kuchua kwa mafuta. Ni vijidudu vimeingia na dawa yake ni antibiotiki siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku, hata ikiwa ni mkesha wa Idi. Uvimbe mpya, kigumu chochote kwapani, au harufu mbaya inayotoka kwenye kidonda badala ya jasho, hayo nayo hayafunikwi kwa marashi. Yanapelekwa kwa daktari.

Na utakapoitwa kila mwaka kupigwa picha ya matiti, siku hiyo, na siku hiyo tu, usipake kitu kwapani wala kifuani: si cha gololi, si poda, si shabu. Chembe za alumini hutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe, na daktari anaweza kuvidhania dalili za ugonjwa akakurudisha bure na roho mkononi. Oga, vaa pamba, panda gari la alfajiri kabla feri haijajaa. Kichupa chako kitie mkobani, utapaka ukishatoka.